Masanduku Hutangulia

Jioni ya siku ya mwisho, mhudumu wa chumba huacha vitu viwili juu ya kitanda. Cha kwanza ni taulo lililokunjwa kwa ustadi likawa tembo, mkonga juu, pengine limevishwa miwani ya jua ya mtoto wa humo chumbani. Cha pili ni lebo kadhaa za karatasi ngumu, zenye rangi na namba. Watoto hurukia tembo. Wazazi huokota lebo, huzigeuza, husoma maagizo ya nyuma, na hapo ndipo likizo inapokwisha, ingawa meli bado iko katikati ya bahari na nchi kavu haionekani hata kwa darubini.

Maagizo yenyewe ni mafupi. Funga masanduku, yavishe lebo, yatoe nje ya mlango kabla ya saa 5 usiku. Asubuhi utayakuta bandarini.

Safari za namna hii si za matajiri wachache tena. Chama cha kimataifa cha kampuni za meli za utalii, CLIA, kilihesabu abiria milioni 31.7 mwaka 2023, na mwaka uliofuata milioni 34.6. Bandari ya Miami huko Florida, ambayo hujiita makao makuu ya meli hizo duniani, ilipitisha abiria zaidi ya milioni 8 katika mwaka wake wa fedha wa 2024. Wengi husafiri kifamilia: baba, mama, watoto wawili watatu, na mara nyingi babu na bibi ambao ndio waliotoa fedha.

Msomaji wa Mombasa au Unguja huziona meli za jinsi hii zikija mara moja moja. Abiria hushuka asubuhi, huenda Fort Jesus au Mji Mkongwe, na jua linapozama wamekwisha kurudi melini. Lakini bandari hizo kwa kawaida huiona meli ikiwa katikati ya safari yake. Mwisho wa safari ni shughuli nyingine kabisa, na pa kuitazama ni Miami.

Mtindo wenyewe si wa kale. Zamani meli kubwa ilikuwa chombo cha kuvukia tu: mtu alipanda Southampton akashuka New York, na siku ya mwisho ndiyo aliyokuwa akiihesabia. Ndege za jeti zilipoanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki mwaka 1958, watu wakazihama meli. Desemba 1966, mfanyabiashara Ted Arison na mwenye meli kutoka Norway, Knut Kloster, wakaanza kuiendesha Sunward kutoka Miami: inatoka, inakwenda Bahamas, inarudi palepale. Baadaye Arison alianzisha kampuni yake ya Carnival. Meli yake ya kwanza, Mardi Gras, ilikwama mchangani nje kidogo tu ya bandari ya Miami katika safari yake ya kwanza, Machi 1972. Biashara haikukwama.

Kutoka na kurudi palepale ndiko kulikozaa siku ya mwisho kama ilivyo leo, maana siku inayowashusha hawa ndiyo hiyohiyo inayowapandisha wengine. Meli inayolala gatini bila abiria haiingizi kitu, na gharama zake hazilali. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Miami Januari 2024, ina tani 248,663 za ujazo, yaani zaidi ya mara tano ya Titanic. Ina sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea, wafanyakazi 2,350 na nafasi ya abiria hadi 7,600 ikijaa kabisa. Hurudi Jumamosi alfajiri. Jumamosi hiyohiyo jioni inaondoka tena na watu wengine.

Kwa ratiba nyingi, siku inayotangulia kufika ni ya baharini tupu, hakuna bandari ya kushukia. Katika vitabu vya matangazo siku hiyo huonyeshwa kama siku ya kujinyoosha kando ya bwawa. Ukweli wake ni mwingine. Ni siku ya foleni. Kuna foleni ya picha: wapiga picha wa meli wameifuata familia wiki nzima, langoni, mezani, kwenye ngazi kuu watu wakiwa wamevaa nguo zao za kutokea, na leo ndiyo siku ya kuamua, ama ununue ama uziache. Kuna maduka yaliyopanga saa za mkono na fulana juu ya meza ndefu kwa bei zilizoshushwa. Kuna chupa za ramu zilizonunuliwa visiwani, ambazo walinzi walizichukua mlangoni na kuziweka stoo, sasa zinarudishwa kwa wenyewe.

Na kuna dawati la kuuza safari ijayo. Weka kiasi kidogo cha malipo leo, huambiwa abiria, nasi tutakuwekea dola kadhaa za kutumia utakaporudi. Saa ya kufanya biashara hiyo imechaguliwa kwa akili. Mtu anayehuzunika kwamba raha inakwisha ndiye mteja rahisi kuliko wote, na wanaoendesha meli wanalijua hilo kuliko mteja mwenyewe.

Watoto nao wana yao. Meli za familia huwagawa katika klabu za watoto kwa umri: wa miaka mitatu hadi mitano peke yao, wakubwa kidogo peke yao, vijana mbali kabisa ambako mzazi hakaribishwi. Kwa mtoto wa miaka minane, wiki moja inatosha kupata rafiki wa kufa na kuzikana. Alasiri ya mwisho hubadilishana namba za simu za wazazi na majina wanayotumia kwenye michezo ya intaneti, mmoja anaishi Texas, mwingine Ohio. Machozi ya alasiri hiyo ni ya kweli kuliko huzuni ya watu wazima, ambao aghalabu wanahuzunikia Jumatatu.

Kisha bili.

Melini hakuna anayetoa noti. Kadi ya kufungulia mlango wa chumba ndiyo pochi, nayo imeunganishwa na kadi ya benki, kwa hiyo wiki nzima mtu hutumia bila kuona fedha ikitoka. Chakula cha kawaida kimelipiwa, lakini soda, pombe, intaneti, ziara za visiwani na mashine za michezo ya watoto huandikwa. Hizo mashine ndizo huwashtua wazazi wengi: kijana wa miaka kumi na miwili mwenye kadi mkononi anaweza kumaliza dola mia bila hata kujua kwamba anatumia fedha. Bili huonekana kwenye simu au kwenye televisheni ya chumbani, na mwenye busara huipitia usiku, kwa sababu asubuhi dawati la huduma huwa limezingirwa.

Ndani ya bili hiyo mna mstari mmoja unaozua ubishi kila safari: bakshishi. Kampuni nyingi zinazotumia Miami huitoza zenyewe, kwa kila kichwa, kwa kila siku, na watoto huhesabiwa. Chukua dola 18, kiasi ambacho si kigeni kwenye meli kubwa miaka hii. Familia ya watu wanne kwa usiku saba inafika dola 504. Wapo wanaokwenda dawatini siku ya mwisho kuomba ipunguzwe au ifutwe, wakidai kwamba mshahara wa mfanyakazi ni mzigo wa mwajiri. Hoja yao ina mantiki, ila inamwangukia asiyehusika. Kampuni haipungukiwi kitu. Anayepungukiwa ni aliyekunja yule tembo. Mwenye kinyongo na utaratibu huo angeupima kabla ya kukata tiketi, akaihesabu bakshishi kuwa sehemu ya nauli, maana ndivyo ilivyo.

Chakula cha usiku huo kina desturi zake. Katika ukumbi wa zamu maalumu, meza na wahudumu huwa walewale wiki nzima. Katika meli za Disney, ambako familia huhamishwa ukumbi mmoja hadi mwingine, wahudumu huhama pamoja nayo. Kwa hiyo kufikia usiku wa saba mhudumu anajua kwamba mdogo hali nyanya, mkubwa anataka barafu bila kuulizwa, na chai ya bibi lazima iunguze ulimi. Taa hupunguzwa, muziki hupigwa, wahudumu hupita kati ya meza wakizungusha leso hewani na abiria huzungusha zao. Enzi zilizopita waliingia wamebeba baked Alaska, keki ya aiskrimu iliyofunikwa povu la ute wa yai, ikiwaka moto. Moto huo umeondolewa. Baharia haogopi kitu melini kama moto.

Baada ya hapo, masanduku. Chumba cha kawaida hakizidi mita 20 za mraba, na ndani yake watu wanne wanafunga mizigo kwa wakati mmoja. Suruali za kuogelea bado zina maji, zinatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Viatu vina mchanga. Kofia ya ukindu iliyonunuliwa kisiwani haiingii popote, na baba amekaa juu ya sanduku huku mama akivuta zipu. Kufikia saa 4 usiku, ukumbi mrefu wa vyumba una masanduku pande zote mbili, yamesimama wima mlango hadi mlango, na watoto wa jirani wanayatumia kama vizuizi vya mbio.

Kila wiki yupo aliyefunga kila kitu. Anaamka alfajiri, anafungua kabati, halina kitu: viatu vimekwenda, suruali imekwenda, amebaki na nguo za kulalia. Mtu huyo hushuka Miami na gauni la chumbani au taulo, mbele ya maofisa wa forodha. Ndiyo maana wazoefu huacha mfuko mdogo wa mgongoni wenye nguo za asubuhi, dawa, pasipoti na chaja. Wengine hukataa lebo kabisa na kubeba masanduku yao wenyewe. Hao huruhusiwa kushuka mapema, mradi waweze kuyaburuta ngazini, kwa sababu lifti asubuhi hiyo ni za kupigania.

Masanduku yakiondoka mlangoni, huteremka hadi kwenye njia ambayo abiria haoni. Meli kubwa zina ukumbi mpana wa wafanyakazi unaopita chini kwa chini kutoka tezi hadi omo, na karibu kila mahali mabaharia huuita I-95, kwa jina la barabara kuu ya mashariki mwa Marekani inayoishia Miami. Mchana hupita humo wapishi, mafundi, wacheza dansi waliovaa manyoya. Usiku wa mwisho hupita mizigo tu. Maelfu ya masanduku hupangwa katika vizimba vya chuma vyenye magurudumu, kwa rangi na kwa namba, ili asubuhi yatoke kwa zamu ileile watakayotoka wenyewe. Hapo ndipo rangi ya lebo inapopata maana: si pambo, ni saa yako ya kushuka.

Kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, mashua ndogo huijia meli nje ya Miami. Ndani yake yumo rubani wa bandari, ambaye hupanda kwa ngazi ya kamba kupitia mlango ulio ubavuni, kisha husimama kando ya nahodha kuiongoza meli kuingia Government Cut, mkondo uliochimbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mkono wa kulia ni ncha ya Miami Beach, mkono wa kushoto kisiwa cha Fisher, na meli yenye urefu wa karibu mita 365 inapita katikati polepole huku ghorofa za jiji zikiwa bado zinawaka taa. Wanaoamka kuona hayo ni wachache. Hii ndiyo nusu saa bora ya siku nzima, haina foleni wala bei, na mtoto aliyeamshwa kwa nguvu ataisimulia baadaye kuliko mabwawa yote saba.

Yanayofuata hayana mvuto. Bafe imejaa, watu wamekaa kwenye ngazi na mazulia wakingoja namba yao itangazwe, chumba kimekwisha chukuliwa na wasafishaji. Kwa kuwa meli imetoka nchi za nje, kila abiria lazima apite kwa maofisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani. Siku hizi katika vituo vingi kamera hulinganisha uso na picha iliyo kwenye kumbukumbu, na foleni hutembea. Raia wa Marekani aliyetoka na kurudi bandari ileile anaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Familia kutoka Afrika Mashariki inayoishi huko kwa viza haina nafuu hiyo: lazima iwe na pasipoti na ruhusa halali ya kuingia tena nchini, na hilo huangaliwa kabla ya kuondoka, si siku ya kurudi.

Na ndizi. Mtoto huchukua ndizi kwenye bafe, mama anaitia mfukoni kwa ajili ya njiani, na langoni mbwa mdogo wa kunusa anakaa kitako mbele ya mfuko huo. Matunda mabichi hayashuki, hata kama yalipakiwa Miami hiyohiyo wiki iliyopita. Sheria hiyo huonekana ya kero mpaka ujue kilichoipata Florida: mwaka 2005 uligunduliwa huko ugonjwa wa michungwa unaosambazwa na mdudu mdogo, na tangu hapo mavuno ya machungwa ya jimbo hilo yameporomoka vibaya. Aliyekitangaza kitu chake hunyang'anywa tu. Aliyekificha anaweza kupigwa faini ya dola mia kadhaa.

Kufikia saa 4 asubuhi, familia imeshasimama kwenye ukumbi wa mizigo, inatafuta sanduku jeusi kati ya masanduku meusi mia tatu. Anayefahamu mambo alifunga utepe mwekundu kwenye mpini. Aliyekata tiketi ya ndege ya saa 3 asubuhi ameshaichelewa; kampuni nyingi hushauri ndege iwe ya adhuhuri au baadaye.

Huku nyuma, meli inahesabu. Mlangoni kila kadi ilisomwa na mashine mtu alipotoka, na wapya hawapandishwi mpaka hesabu ya abiria waliobaki iwe sifuri. Akikosekana mmoja, jina lake hutangazwa sitaha zote, na mara nyingi hukutwa amelala kando ya bwawa, hataki kuondoka. Wakati huohuo mhudumu mmoja mwenye vyumba kumi na kitu au zaidi anavua shuka, foronya na taulo, anasugua choo, anafuta swichi na rimoti ya televisheni kwa dawa. Usafi huo si mapambo. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, hupenda mahali penye watu wengi na vyombo vya pamoja, na mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, hukagua meli hizi bila taarifa na kuzipa alama. Yenye 85 kushuka chini imeshindwa. Gatini, foklifti zinaingiza mayai, nyama, mchele na maua, na kutoa takataka za wiki.

Siku hiyohiyo baadhi ya wafanyakazi hushuka na mabegi yao wenyewe. Mikataba mingi ni ya miezi sita hadi tisa, na walio wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India. Miaka ya karibuni Wakenya nao wameanza kuonekana miongoni mwao. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apate mapumziko, na kipimo kinachotumika sana ni angalau saa 10 katika kila saa 24, zinazoweza kukatwa mara mbili. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo inayokipima kipimo hicho.

Saa 5 au 6 mchana familia mpya zinapanda. Kabla meli haijang'oa nanga, zitafundishwa mahali pa kukusanyika na namna ya kuvaa boya. Zamani mafunzo hayo yaliweza kungoja hadi siku ya pili. Usiku wa Januari 13, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache baada ya kupandisha abiria ambao hawakuwa wamefundishwa lolote, na watu 32 wakafa. Tangu hapo utaratibu ukabadilishwa duniani kote.

Walioshuka, kwa upande wao, wamebeba kitu kimoja ambacho forodha haikioni. Wakisimama jikoni kwao usiku huo, sakafu inayumba. Kwa wiki nzima ubongo na viungo vya mizani vilivyo ndani ya sikio vimezoea mwendo wa mawimbi na kuufidia bila mtu kujua. Nchi kavu ikitulia, ubongo unaendelea kufidia mwendo usiokuwapo. Madaktari huiita hali hiyo mal de débarquement. Kwa wengi huisha ndani ya siku moja au mbili, na kutembea kwa miguu husaidia kuliko kulala. Kwa wachache, hasa wanawake wa umri wa kati, hudumu wiki au miezi. Ikipita mwezi mmoja, hiyo ni sababu ya kumwona daktari wa masikio au wa mishipa ya fahamu na kumweleza mapema kwamba safari ilikuwa ya meli, maana asipoambiwa anaweza kuhangaika na vipimo vya mambo mengine.